Kibodi Iko kwa Nani

Nianze na simu, maana bila simu ile nisingekaa chini kuandika haya. Ilikuwa Jumanne, niko dukani kwa baba Kariakoo nabishana na mpagazi aliyemwaga katoni za spea mlangoni, simu ikaita. Alikuwa mtoto wa kiume wa Mwalimu, na hata salamu hakuimaliza.

"Dada, tunafunga ofisi ya mama. Macho yamekwisha tangu kile kiharusi. Tumekubaliana hivi: Ijumaa saa nane mchana ataandika mkataba mmoja wa mteja mbele yangu, tangu mwanzo mpaka utoke kwenye printa, bila mtu kumshika mkono. Akiweza, anabaki. Asipoweza, anahamia kwangu Mbezi na zile mashine zinauzwa. Amesema nikuambie na wewe uje."

"Mwalimu amekubali?"

"Amekubali mwenyewe."

Niliweka simu chini nikasema kwa sauti, "Hee! Mwalimu akae Mbezi afanye nini, ahesabu kunguru?" Mpagazi akanitazama, akaanza kupanga katoni zake.

Basi wiki ile sikuwaza kitu kingine. Na mimi nikimuwaza Mwalimu siwezi kunyamaza, kwa hiyo nivumilie.

Tunamwita Mwalimu tu, wateja wote, wanafunzi wote, hata muuza kahawa wa chini. Ana chumba ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mapazia, barabara ile inayotoka sokoni kuelekea Mnazi Mmoja. Anachapa barua, mikataba na maombi ya kazi. Anafundisha kupiga taipu. Na kwa sisi wachache tuliong'ang'ania kubaki, anafundisha jambo ambalo sijasikia mtu mwingine Bongo akilifundisha kwa raha ile: jinsi madirisha yanavyogombea nafasi kwenye skrini ya kompyuta, nani anakaa juu ya nani, na nani mwenye neno la mwisho. Unacheka? Nami nilicheka. Nilikwenda kwake nijifunze taipu miezi mitatu nirudi kwa baba. Nilikaa miaka sita!

Ili umwelewe, lazima kwanza umwone akiandika. Alijifunza kwenye mashine za chuma, enzi alipokuwa karani wa taipu katika ofisi moja karibu na bandari, na sheria ya makarani wale ilikuwa moja: macho kwenye karatasi. Si kwenye vidole, wala kwenye kile kinachotoka. Karatasi ya mteja inasimama kwenye kishikio chake, macho yanatembea mstari kwa mstari, na vidole vinajua njia vyenyewe. Mwalimu huinua macho aya ikiisha, si kabla. Ukimsemesha katikati ya aya anakujibu vizuri tu, anakuuliza hali ya nyumbani, anakucheka, na vidole haviachi kukimbia. Mara ya kwanza kuona hivyo nilisahau nilichotumwa.

Sasa mtu wa namna hii mpe kompyuta uone balaa lake. Siku moja, kabla sijamfahamu, alikuwa akichapa wosia wa mzee mmoja wa mtaa wa Gerezani, kurasa nne. Yuko ukurasa wa tatu, macho kwenye karatasi, kikachomoza kidirisha katikati ya skrini: mashine inataka kujisasisha, iwashwe upya sasa au baadaye? Mtu mwingine yeyote angekiona. Mwalimu alikuwa na wosia machoni. Maneno yake yote yakawa yanaingia kwenye kile kidirisha, na kidirisha hakijui maneno, kikayatupa. Kisha aya ikaisha, akabonyeza kitufe cha kushuka mstari, na hicho kidirisha kikakielewa vizuri sana. Maana yake "ndiyo". Mashine ikazimika na kurasa zote tatu zikaenda.

"Sikuumia kwa kurasa," alituambia. "Kurasa nilizirudia. Niliumia kwamba mtu ameingia nyumbani kwangu, amekaa kati yangu na kazi yangu, na hodi hakupiga."

Alikuwa anakaribia miaka hamsini. Wenzake walimwambia ajizoeshe kutazama skrini. Ah, wapi! Mwalimu akaenda kutafuta ni nani hasa ndani ya ile mashine anayeruhusu mambo kama hayo. Akagundua kuna programu maalumu ya kupanga madirisha, meneja wa madirisha, na kwamba zipo za bure ambazo matumbo yake yako wazi, yeyote anaweza kuyafungua akayasoma. Akayafungua. Ilimchukua miaka miwili na kamusi tatu. Alipotoka huko alikuwa anaandika sheria zake mwenyewe, na ya kwanza ilikuwa hii: mtu akiwa anaandika, dirisha jipya lisimnyang'anye kibodi. Lifunguke, lakini likae pembeni, jina lake liwakewake chini ya skrini mpaka likaribishwe.

Somo lake la kwanza halikubadilika miaka yote. Alisimama mbele yetu, kanga begani, akahesabu kwa vidole.

"Programu inaomba. Meneja anasikiliza. Meneja anaamua. Programu inaambiwa ilichopata. Rudieni!"

Tunarudia kwa sauti mpaka wa duka la mapazia anagonga dari kwa ufagio. Yaani programu haijiweki yenyewe popote inapotaka. Inasema, naomba nifunguke hapa juu kulia, upana wangu kiasi hiki. Meneja anatazama kuna nani mwingine, skrini ina ukubwa gani, kisha anatoa nafasi, na anaweza kutoa tofauti kabisa na ilivyoombwa. Programu iliyolelewa vizuri inapokea. Isiyolelewa inaomba tena, na tena, na tena, mpaka dirisha linatetemeka kwenye skrini kwa ubishi.

Kila mwanafunzi mpya, bila kukosa, alinyoosha mkono hapo: "Mwalimu, kumbe ni kama sisi machinga tunavyogombea nafasi barabarani!" Nami nilisema hivyohivyo, nikajiona nina akili kweli. Mwalimu alikuwa anaichukia kauli hiyo. "Machinga ukimnyima nafasi, watoto wake wanalala njaa," alinijibu. "Dirisha lina njaa? Usimshushe binadamu akawa dirisha. Kaa." Nilikaa, masikio yanawaka.

Alikuwa na maneno yake. Lile alilolisema mara nyingi zaidi ni, "Kuwa juu si kuwa na kibodi." Kwenye skrini ni kweli tupu: dirisha linaweza kufunika mengine yote na bado unachoandika kinaingia kwenye lililo chini yake. Kwa hiyo mashine ikifanya kituko, kabla hujaigusa, alitutaka tuulize swali moja: kibodi iko kwa nani? Ubaya ni kwamba neno hilo alilipeleka kila mahali. Meneja wa benki akija juu, Mwalimu anamsikiliza kwa adabu, kisha anaegemea kwangu ananong'ona, "Huyu yuko juu tu. Kibodi iko kwa yule dada wa dirisha la tatu." Na ilikuwa kweli, yule dada ndiye aliyetumalizia shida yetu.

Sifa zake Kariakoo zilitokana na mashine "zilizokufa". Mfanyabiashara mmoja wa jumla, mtu wa kwetu Kilimanjaro, sauti kama tarumbeta, alikuja anahema. Kompyuta yake imeganda tangu asubuhi, ameizima mara nne, kila akifika palepale inaganda tena, na fundi amemwambia anunue nyingine. Tukaenda. Mwalimu hakukaa hata kwenye kiti. Alilishika lile dirisha kubwa kwa kipanya, akalisogeza kando kiasi cha kiganja. Nyuma yake kulikuwa na kidirisha kidogo, kimejibanza, kinauliza: Je, nihifadhi kazi hii? Ndiyo, hapana.

"Hajafa," Mwalimu akasema. "Amekuuliza swali, wewe hukumjibu."

Duka zima lilipiga makofi! Njiani kurudi akanieleza, anapita katikati ya mikokoteni kama hakuna mtu. Kidirisha cha swali ni mtoto wa dirisha lililokizaa, na sheria ni kwamba mtoto akae juu ya mzazi wake daima. Lakini meneja hana uchawi, anajua tu anachoambiwa. Mwandishi wa programu asipotaja mtoto huyu ni wa nani, meneja anamwona mpita njia, na mzazi akibonyezwa kidogo tu anamfunika.

Nami nilimtia aibu, sitaficha. Programu yangu ya kwanza niliiandikia ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini, fomu tu ya kujazia makontena. Nikaipa ujanja: ikifungwa ikumbuke ilikuwa wapi, kesho ifungukie palepale. Wiki ya tatu wakanipigia simu wanacheka na wameogopa. Dirisha linashuka! Kila asubuhi liko chini kidogo kuliko jana, kama unene wa kidole. Karani mmoja alikuwa ameshaanza kulisomea dua. Nikaenda, nikakuta nusu ya fomu imezama chini ya skrini, na sikuelewa kitu. Mwalimu alipoona alicheka hadi akavua miwani. Kumbe meneja humvika kila dirisha utepe kichwani, ule wenye jina na alama ya kufungia. Programu yangu ilikuwa inakumbuka mahali kilipo kiwiliwili chake, chini ya utepe. Kesho yake inaomba mahali hapo, meneja anaanza kupima na utepe, kiwiliwili kinashuka. Kesho kutwa vivyo hivyo.

"Wewe na meneja mnapima kutoka sehemu mbili tofauti," alisema akijifuta machozi. "Hamjagombana, hamjaulizana tu." Nilirekebisha mstari mmoja na ikatulia. Mpaka leo ofisi ile wananiita Dada Mashuka.

Usidhani alikuwa malaika. Alizichukia programu zinazodai kukaa juu ya nyingine zote daima. Aliziita wajumbe wa nyumba kumi, wanaotaka kuwa juu ya kila mtu mtaani. Lakini ameiandikia mashine yake saa ya swala, na saa ile, jamani, inakaa juu ya kila kitu, haifunikwi na barua wala na swali lolote. Nilimsuta siku moja. Akanitazama juu ya miwani: "Swala haiombi nafasi, mwanangu." Na yeye aliyetufundisha kupokea tulichopewa, mwenye nyumba alimtaka ahamie chumba cha nyuma ili mbele pawe stoo. Mwalimu akamsikiliza kwa adabu zote, akampa kahawa, akabaki palepale. Ni mwaka wa tisa sasa.

Ndivyo alivyo. Na huyu ndiye mtu wanayetaka kumkalisha Mbezi.

Alhamisi mchana nilipanda ngazi. Alikuwa amekaa mbele ya mashine, mikono mapajani, na mdomo umepinda kidogo upande.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kuniaga au kunisaidia?"

"Kukusaidia!"

"Basi sikiliza, maana watoto wangu hawasikilizi. Daktari alisema kushoto, wao wakaelewa jicho la kushoto. Si jicho. Macho yote mawili ni mazima. Ila nikitazama mahali, kila kilicho kushoto kwa pale ninapotazama hakipo. Si giza, hakipo tu. Nikikutazama puani sasa hivi, sikio lako moja sina."

"Umewaeleza?"

"Mara tatu. Wameninunulia miwani mpya."

Karatasi alikuwa ameshaitatua mwenyewe: amesimamisha rula nyekundu kwenye ukingo wa kushoto, macho yakirudi yanaitafuta rula kwanza, akiipata anajua mstari unaanzia hapo. Tatizo lilikuwa skrini, iliyokaa kushoto kwa karatasi. Madirisha yalikuwa yanamfungukia kushoto anakokosa, na alikuwa anaandika huku hajui nani amekuja.

Moyo ulinienda mbio kwa furaha, kweli tena. Hili ninalijua! Nilivuta kiti nikaandika sheria mpya kwa meneja wake: madirisha makubwa ya programu zote, hata yakiomba kushoto, yapewe nusu ya kulia. Tukalijaribu la barua, kulia. La barua pepe, kulia. La picha, kulia! Nilipiga kigelegele hadi wa mapazia akagonga dari.

Ijumaa saa nane mtoto wake akafika, shati la ofisini, mkataba wa pango mkononi umeandikwa kwa kalamu, kurasa mbili za mwandiko mbaya. Akauweka kwenye kishikio, akasimama ubavuni kwa mama yake. "Dada, wewe kaa kule. Usimguse."

Mwalimu akaanza. Wacha nikuambie, kuna muziki kwenye vidole vile! Polepole kuliko zamani, kila mwisho wa mstari kituo kidogo, rula, kisha anaondoka tena. Aya ya kwanza, akainua macho, akasoma, akaendelea. Robo saa. Nusu saa. Ukurasa wa pili ukaisha, akaamuru printa ichape.

Printa ikakaa kimya.

Mimi kutoka pale nilipokaa nilikiona. Kidirisha cha swali, juu kabisa kushoto, jina lake likiwakawaka chini, kushoto pia. Programu ile ya kuchapa haikutaja mtoto wake ni wa nani, na asiyejulikana mzazi wake meneja humpeleka penye uwazi mkubwa zaidi. Na uwazi uko wapi? Ni mimi niliyehamisha kila kitu kulia! Kwa mikono yangu nilikuwa nimemfagilia njia akajifiche mahali pekee ambapo Mwalimu haoni. Nikainuka.

"Dada, kaa," mtoto akasema. Akatazama saa yake.

Mwalimu hakuhangaika. Akabonyeza herufi moja. Ikatokea mwishoni mwa mkataba. Akaifuta.

"Kibodi ninayo mimi," akasema taratibu, kama anafundisha. "Kwa hiyo kuna mtu amekuja, amekaa, anasubiri. Kulia hayupo, kulia naona. Basi yuko penye nafasi." Akatabasamu kwa ule mdomo uliopinda. "Huyu binti amenifagilia kushoto kote."

Nilitamani sakafu inimeze. Yeye akainuka, akaikumbatia skrini yenyewe kwa mikono miwili, akaiburuta juu ya meza, nyaya zikilalamika, akaipeleka kulia kabisa, kupita kishikio cha karatasi. Akakaa. Akayarudisha macho kwenye karatasi, mahali pake pa siku zote, na skrini nzima sasa ilikuwa upande anaouona. Akaitupia jicho la pembeni.

"Huyu hapa. Anauliza karatasi ya ukubwa gani." Akampokeza kibodi, akamjibu. Printa ikakohoa, ikaanza.

Niliruka, nikapiga makofi peke yangu, machozi yananitoka. Miaka yote sheria zote zile, na sisi hatukuwahi kufikiria kwamba hata skrini inasogezeka!

Mtoto alichukua kurasa mbili zikiwa bado na joto. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, akilinganisha na mwandiko. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena. Hakukuta kosa.

"Sawa," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Umeshinda. Utabaki. Lakini mama, hili la kuuza mashine limekukasirisha kiasi gani? Tangu utoke hospitali hujanitazama. Mezani nakaa karibu nawe, hunitazami. Nimesimama hapa saa nzima, hujanitupia jicho hata mara moja."

Mwalimu akageuza kichwa kidogo, akisikiliza. "Kwani umesimama wapi?"

"Hapa. Hapa ubavuni kwako."

Alikuwa kushoto kwake. Niliona yule mtoto anavyoelewa, maana aliitazama rula nyekundu, akaitazama skrini kule ilikopelekwa, kisha akainua mkono wake mwenyewe kushoto kwa uso wa mama yake, akaupunga, na Mwalimu hakupepesa macho.

Alizunguka nyuma ya kiti, akapita kati ya printa na ukuta, akachuchumaa upande wa kulia.

"Mama."

Mwalimu akamtazama kwa muda mrefu.

"Haa," akasema. "Mbona umekonda hivyo, baba?"